Chui Ndani ya Simu, Bambu

Kutoka Bunia kwenda Bambu watu husafiri kwa pikipiki, na asubuhi ndiyo saa nzuri. Barabara inaelekea kaskazini, inapita Iga-Barrière, inapita Nizi, kisha inajipinda kati ya vilima vya Djugu, vilima vya majani mafupi ambavyo ukivitazama kwa mbali utadhani hakuna aliyewahi kupigania kitu hapo. Mvua ikinyesha njia yote ni tope jekundu. Jua likiwaka ni vumbi la rangi hiyohiyo, na unafika nyusi zimepakwa. Kwenye kizuizi abiria anashuka, anatembea kwa miguu mpaka ng'ambo ya kamba, anaonyesha kadi ya mpiga kura, anajibu swali moja au mawili, anapanda tena. Mei 2021 mkoa wetu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na tangu hapo msafiri hujifunza kuwa na jibu fupi. Nilipoulizwa naenda kufanya nini Bambu, nilisema naenda kumwona mtoto wa dada. Ilikuwa kweli. Sehemu iliyobaki ya jibu haisemeki kizuizini.

Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, ameolewa Bambu zaidi ya nusu ya maisha yake. Alikuwa amenipigia simu usiku, sauti ya chini, akaniambia neno ambalo Ituri mtu haliachi likapita hivihivi: "Mdogo wangu, huyu mtoto anasema usiku anageuka chui."

Jirani ndiye aliyemsikia, kupitia dirisha. Kijana alikuwa amelala kifudifudi, mwanga wa simu usoni, akirekodi ujumbe wa sauti polepole: sasa nimetoka nje, makucha yamenitoka, nanusa damu njiani. Jirani hakugonga mlango. Alimwambia mwenzake kwenye bomba la maji, na kufikia Jumapili habari ilikuwa imeshafika kanisani. Katika nchi yetu mtoto akishaitwa mchawi ni kazi kubwa kumvua jina hilo. Wapo waliofukuzwa nyumbani kwa sababu ya ndoto tu. Na katika Djugu, ambako vijana wenye silaha na hirizi wamechoma vijiji, kijana anayesema anatoka usiku na makucha anaweza kutafutwa na watu wengine kabisa, wasio wa kanisa. Kwetu jambo la namna hiyo halimalizwi na baba peke yake. Mjomba huitwa.

Nilifika mchana. Bambu iko kati ya vilima, na mtu asiyejua historia yake hushangaa kukuta huko mashambani majumba ya matofali yaliyopangwa kwa mstari, karakana zenye mapaa marefu, hospitali, nyumba za wakubwa zenye baraza pana. Yote hayo ni kazi ya dhahabu. Mwaka 1903, nchi ikiwa bado mali ya mfalme Leopold, watafuta madini wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, walikuta dhahabu kwenye vijito vya eneo la Kilo. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto, na Bambu ikawa makao yake. Walendu, Wanyali, Waalur, Walugbara na wengine wakakutana kazini, na Kiswahili kikawa lugha ya kuitana shimoni. Mwaka 1966 kampuni ikapewa jina la OKIMO. Leo ni SOKIMO. Lakini ukitembea kando ya mto utaona dhahabu ya sasa iko mikononi mwa wachimbaji wadogo: karai, maji ya kijito, zebaki, mzani mdogo unaopimia kwa vijiti vya kiberiti. Mwenye shimo huitwa PDG, cheo kilichorithiwa kutoka kwa wakurugenzi.

Dhahabu hiyo imeletea mji vita zaidi ya mara moja. Februari 2003 wapiganaji wa kundi la UPC walishambulia Kobu, Lipri, Bambu na vijiji vya jirani. Hayo ni miongoni mwa makosa ambayo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kule Hague, ilimhukumia kamanda wao Bosco Ntaganda kifungo cha miaka 30 mwaka 2019. Kuanzia mwisho wa 2017 Djugu iliwaka tena, na mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kukimbilia Uganda. Waliobaki na waliorudi wamejifunza adabu moja ya usiku: giza likiingia, kila mtu ndani. Hakuna matembezi, hakuna kukaa barazani kupiga hadithi mpaka mwezi upande. Kijana wa Bambu ana mchana tu. Usiku wake una kuta nne na simu.

Mpwa wangu alinipokea kwa mikono miwili, akanichukulia mkoba, kisha akakaa mbali kidogo kama anayesubiri hukumu. Ana miaka 17, anasoma sekondari, na likizo huosha mchanga mtoni pamoja na wenzake. Nilimwambia, "Sikuja na fimbo. Nionyeshe." Akaniuliza, "Kweli, mjomba?" Akatoa simu iliyopasuka kioo kwenye kona, akasogea.

Alichonionyesha ni mchezo. Watu kama ishirini, wengi wao waliosoma naye kabla vita haijawatawanya, wana kundi la WhatsApp. Mmoja yuko Bunia, wawili Beni, mwingine Kampala, na binti mmoja, ambaye kwao palikuwa nyumba ya tatu kutoka kwa yaya, yuko kambi ya Kyangwali ng'ambo ya ziwa. Usiku wanatunga hadithi moja kwa pamoja, kila mtu akiandika maneno na matendo ya mhusika wake. Hadithi ni hii: chini ya kilima kuna mji wa wachimbaji, na katika mji huo kuna shimo ambalo PDG wake hajawahi kuonekana. Anayeshuka shimo hilo hupanda na mnyama ndani yake. Wapo wanaopanda na mnyama anayejulikana, wapo wanaopanda na kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Binti wa Kyangwali ni ndege mwenye mabawa ya bati la nyumba, na anaitwa Bati. Yuko Popo anayebeba taa ya mchimbaji kifuani, chini ya ngozi. Yuko mamba-muntu, nusu mwanamke nusu samaki, yule ambaye wavuvi wa Tchomia na Kasenyi humsimulia tangu zamani. Mpwa wangu ni chui.

Niliomba kuona wanavyoanza. Anayetaka kuingia hujaza kwanza maelezo ya mhusika: jina, umri, sura, alikuwa nani kabla ya kushuka shimo, amegeuka nini, anaweza nini, na kitu ambacho hawezi kamwe. Hilo la mwisho ndilo wanalolikagua kwa ukali. Mhusika asiye na udhaifu hurudishwa. Chui wa mpwa wangu haoni kitu mchana, na hawezi kuvuka maji yaliyosimama. Kisha kuna sheria ambayo nilimwomba anirudie, kwa sababu niliona ina uzito kuliko zote: huwezi kuamua kinachompata mhusika wa mwenzako. Unaweza kuandika kwamba umeruka kumshika. Huwezi kuandika kwamba umemshika. Hilo ataliandika yeye, akitaka. Na kumgeuza mtu mwingine kuwa mnyama ni lazima uombe ruhusa yake kwanza, nje ya hadithi.

Nje ya hadithi ni mahali penye alama. Mtu akitaka kusema kitu kama yeye mwenyewe, si kama mhusika, hukifunga kwa mabano mawili kila upande. Usiku ule, yaya akiwa ameshalala, nilikaa kando ya mpwa wangu nikasoma. Popo alikuwa amepotea chini ya ardhi. Mpwa wangu aliandika: *Chui anasimama mdomoni mwa shimo. Anasikia maji yakidondoka, na chini ya maji anasikia mtu anapumua.* Jibu lilichelewa, mtandao wa Bambu una saa zake. Kisha likaja: *Bati anakunja mabawa, kutu inamdondoka mgongoni. "Usishuke peke yako. Mimi siwezi kuingia, nitakwaruza kuta na watatusikia."* Mara tu baada yake: *((Mama ananiita, kuna vyombo. Narudi.))* Na wanyama wote wakasimama kimya mdomoni mwa shimo wakisubiri binti mmoja amalize kuosha sahani Kyangwali. Hakuna aliyemsogeza mahali pake. Hakuna aliyeshuka. Niliyaangalia hayo nikahisi heshima kubwa kwa watoto hawa.

Mchezo wenyewe una ukoo, ingawa wao hawakuupata kwa vitabu. Mmoja alicheza na watu wa Kampala akawafundisha wenzake. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa kukaa mezani na kuwa mtu mwingine kwa maneno na dadu. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika MUD, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza: ulimwengu wa maneno matupu ndani ya kompyuta, wachezaji wengi wakiingia kwa wakati mmoja. Mwaka 1992 ukatoka Werewolf: The Apocalypse, ambamo kila mchezaji ni mtu anayegeuka mbwa mwitu. Leo kompyuta haihitajiki. Mega chache za intaneti zinatosha.

Waliniomba nijiunge, nami nilikubali, kwa sababu mjomba anayetaka kumtetea mtoto lazima ajue alikoingia. Nilichagua okapi. Wazungu waliwahi kumdhani okapi kuwa kiumbe cha hadithi. Mvumbuzi Stanley alipopita msitu wa Ituri aliandika kwamba Wambuti, wenyeji wa msitu huo, wanamjua mnyama kama punda, nao Ulaya hawakujua wamweke wapi. Mpaka mwaka 1901, Harry Johnston alipopeleka ngozi na mafuvu London, ndipo akapewa jina la kitaalamu. Wambuti walikuwa wakimla miaka yote hiyo. Niliandika kwamba okapi wangu alikuwa karani wa mizani kabla ya kushuka shimo, kwamba anasikia sauti za chini ambazo wengine hawazisikii, na kwamba hawezi kusema mbele ya zaidi ya watu wawili. Msimamizi, kijana wa Bunia, aliniandikia: *((Mzee, karibu. Ila hapo uliposema anasikia kila kitu, punguza.))* Nikapunguza.

Asubuhi nilikwenda kumsalimu mzee mmoja, fundi wa karakana za kampuni enzi zake, mtu ambaye yaya humheshimu kuliko wote mtaani. Nilitaka kusikia hofu ya mji kutoka kwa mtu asiye na haraka. Hakuniuliza kuhusu simu. Aliniuliza kama nayajua ya 1964.

Mwaka ule alikuwa mtoto. Waasi walioitwa Simba walipoiteka Stanleyville, Kisangani ya leo, tarehe 5 Agosti, moto wao ulienea kaskazini-mashariki nzima, nao Kilo-Moto haikuachwa. Walikuwa vijana, wengi wao wadogo kama mpwa wangu, na walipofanyiwa dawa hawakuitwa tena kwa majina ya nyumbani. Walikuwa simba. Mganga aliwanyunyizia maji, akawapa masharti: usiguse mwanamke, usiibe, usigeuke nyuma, usitazame pembeni, songa mbele ukitaja jina la Mulele, kiongozi wa uasi, na risasi itakuwa maji. Mzee aliwaona wakipita barabarani na majani kichwani na vipande vya ngozi, maji yakiwatiririka. "Walikuwa watoto wa watu," alisema. "Mmoja tulikuwa tunamjua. Tulimwita, hakujibu. Ndiyo sharti."

Nimefikiri sana kuhusu masharti hayo. Wanajeshi wa serikali wenyewe waliyaamini, wakakimbia, wakaacha miji. Lakini risasi ilipompata simba na akafa, jibu lilikuwa tayari: amevunja mwiko. Dawa haikosei kamwe. Anayekosea ni maiti. Novemba ya mwaka uleule askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, na miezi iliyofuata mamluki wa Mike Hoare wakaja mpaka huku kwetu, na vijana wengi wakafa wakiwa bado wanaamini walikosea wao. Kilichonichoma katika maneno ya mzee si dawa. Ni kwamba walimwita akashindwa kugeuka.

Na kabla ya simba, chui. Magharibi ya hapa, katika msitu, pande za Bafwasende, kati ya Wabali, walikuwepo Anioto: wanaume waliovaa vazi la gome la mti lenye madoadoa, vyuma vya makucha mikononi, wakaua watu na kuacha alama ili lionekane kuwa kazi ya mnyama. Wabelgiji waliwawinda, wakanyonga baadhi yao, kisha wakawageuza kuwa picha. Mwaka 1913 mchongaji Paul Wissaert alitengeneza sanamu ya mtu-chui akimnyemelea aliyelala, ikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Ndiyo iliyompa mchoraji Hergé mtu-chui wake alipomchora Tintin akiwa Kongo. Vizazi vya watoto wa Ubelgiji vilijifunza kutoka sanamu hiyo kwamba Mkongo ni chui akipewa nafasi. Mwaka 2002 mchoraji Mkongo Chéri Samba alichora watu weusi wakiivuta sanamu kwa kamba kuitoa nje, na makumbusho yalipofunguliwa upya Desemba 2018 ilikuwa imeondolewa kwenye maonyesho makuu, imewekwa chini pamoja na nyingine za namna yake. Mtafiti Mbelgiji Vicky Van Bockhaven, aliyechimba kesi za Anioto, ameonyesha kwamba nyuma ya makucha kulikuwa na siasa: machifu, ushindani, hasira dhidi ya utawala mpya. Naamini hivyo. Lakini waliouawa walikufa kweli, na bibi zetu waliokuwa wakifunga milango jioni hawakufunga kwa ajili ya siasa. Jirani wa yaya aliposikia sauti dirishani, hofu iliyomshika ilikuwa na miaka mia.

Hiyo ndiyo sababu sikuweza kwenda kwa yaya na kumwambia ni mchezo tu. Katika Ituri kugeuka mnyama hakujawahi kuwa mchezo tu.

Ila tunao mfano mwingine, na ndio niliomweleza yaya jioni ile tukimenya mihogo. Wambuti wa Epulu, katika msitu huuhuu wa Ituri, wana molimo. Mambo yakiharibika, mtu akifa, windo likikosekana, wao husema msitu umelala. Basi wanaume huimba usiku baada ya usiku kuuamsha, na katika giza la miti mnyama huwajibu: mara ngurumo ya chui, mara tembo, mara wimbo. Mnyama ni baragumu refu ambalo vijana hukimbia nalo msituni. Mwingereza Colin Turnbull, aliyeishi nao miaka ya 1950 na kuandika kitabu kilichotoka 1961, alitarajia kuonyeshwa mti uliochongwa kwa ustadi wa kale. Akaonyeshwa bomba la chuma, la kupitishia maji. Alipouliza, walimjibu kwamba sauti yake ni nzuri, na chuma hakiozi. Kila walipovuka kijito waliliingiza majini, lipate kunywa.

Yaya alicheka aliposikia hilo la kunywesha bomba, cheko la kwanza tangu nifike. Nikamwambia: tazama, wanajua ni bomba, na bado wanalipa maji. Hawajasahau upande wowote. Asubuhi bomba linafichwa, wanaume wanarudi kambini wanakula, wanagombana na wake zao kwa majina yao wenyewe. Simba hakupewa asubuhi. Ukimwita hageuki. Anioto hakuwa na mtu wa kumwambia simama. Lakini hawa watoto wana mabano. Mmoja akiitwa na mama yake anatoka hapohapo, na wanyama wote wanamsubiri. Mimi nimeona.

Yaya alimenya mhogo mwingine mpaka mwisho kabla ya kujibu. "Wewe umeona kwa sababu alikuonyesha," alisema. "Mimi mama yake sikuonyeshwa. Kitu kizuri kinafanywa chini ya blanketi kwa nini?"

Hapo alisema kweli, na sikuwa na la kumjibu kwa niaba ya kijana. Kundi lilikuwa na sharti moja zaidi ambalo mpwa wangu hakunitajia mpaka nilipomwuliza: usiwaambie watu wa nyumbani. Waliliweka kwa sababu wakubwa wangecheka au wangepiga. Nawaelewa. Lakini siri ndiyo iliyomfanya jirani asigonge mlango. Siri ndiyo inayofanana na Anioto, kuliko makucha.

Tukakaa sebuleni, usiku, taa ya sola katikati: yaya, shemeji, mzee fundi, na jirani yule, ambaye yaya alimwita mwenyewe na kumpa kiti kizuri. Tulikuwa tumekula ugali wa muhogo na sombe na samaki wa ziwani, maana mazungumzo ya namna hiyo hayafanywi kwa tumbo tupu. Mpwa wangu akasoma kwa sauti. Alianza akitetemeka. Alisoma maneno ya kila mhusika, na alipofika kwenye mabano alisema, "Hapa ni sisi wenyewe," kisha akasoma. Alipotaja jina la aliyemwandika Bati, yaya aliinua mkono kumsimamisha.

"Huyo ni mtoto wa nyumba ya tatu?"

"Ndiyo, mama."

"Yuko hai, yuko Kyangwali, na wewe unazungumza naye kila usiku, na hukuniambia?"

Mama wa binti yule na yaya walikuwa wakienda shamba pamoja. Tangu mitumbwi ya 2018 hakuna aliyemletea habari zake. Pakawa na kusimama kwa mambo yote, chui na popo na shimo. Ikawa ni kutafuta namba, kununua mega, kungoja mtandao, mpaka sauti ya mwanamke ikaja kutoka ng'ambo ya ziwa ikiuliza nani, nani anayepiga, na yaya akataja jina lake la usichana. Walizungumza mpaka mega zikaisha. Jirani alikwenda nyumbani kwake akarudi na simu yake ili waendelee.

Mtu angependa hadithi iishe hapo, lakini yaya si mtu wa kusahau alichoitia kikao. Alipokata simu alijifuta uso kwa kitenge, akamgeukia mwanawe. Mchezo ameuona. Mchezo aendelee nao, kwa sauti ya kawaida, mlango wazi. Ila chui hapana. "Uwe ndege, uwe popo, uwe hicho cha mjomba wako. Bambu hatuwi chui, wala simba. Siyo usiku, siyo kwa utani." Mzee fundi aliitikia kwa kichwa. Jirani alisema amina.

Kijana alikataa. Alikataa kwa heshima, macho chini, lakini alikataa. Chui ni wake, alisema. Amemjenga zaidi ya mwaka, ana historia, ana watu aliowaokoa, na hajawahi kumdhuru mtu asiyekubali. Kama watu wa zamani walimharibu chui, kwa nini yeye asimtengeneze? Nakiri swali hilo lilinipendeza sana. Na bado nilikuwa upande wa yaya. Kusafisha jina la chui ni kazi njema kwa mtu anayelala Kampala. Anayelala Bambu, dirisha likiwa hatua nne kutoka njiani, ana wajibu wa kwanza wa kuamka salama, na mama yake ana haki ya kulala usingizi.

Aliyeamua jambo ni Bati. Mpwa wangu aliandika habari yote kwenye kundi, ndani ya mabano, na majibu yakaja kwa kelele: wengine wakisema wazee hawaelewi, wengine wakisema ahamie kundi lingine. Binti akaandika: *((Nyinyi wote mko mbali, hata mimi. Yeye ndiye aliye Bambu. Kama chui anamhatarisha, chui aondoke. Tuandike vizuri, asiondoke kama mwizi.))* Baada ya hapo hakuna aliyebisha. Msimamizi akapendekeza kwamba shimo linalotoa mnyama linaweza pia kumpokea, ila kwa bei. Wakaanza kujadili bei ni nini. Mamba-muntu alisema anayemrudisha mnyama wake lazima aache na kumbukumbu moja ya maisha yake ya kabla. Popo alisema hapana, hilo ni kali mno, na kwamba si haki mtu alipe kwa kitu alichokataliwa na wengine. Walibishana juu ya haki kwa muda mrefu, kwa Kiswahili kizuri kabisa, huku nje hakuna hata mbwa aliyepita.

Siku ya kuondoka nilipanda pikipiki mapema. Kabla ya Nizi, mahali ambapo kilima kinaupa mtandao nafasi, simu ilitikisika mfukoni, nami nikamwomba dereva asimame. Shauri lilikuwa bado halijaisha. Walikuwa wamekubaliana kwamba chui hawezi kushuka peke yake kumrudisha mnyama. Lazima awe na shahidi mmoja, asiye na mabawa ya kukwaruza kuta, anayesikia vizuri gizani, na asiyesema sana. Mpwa wangu alikuwa ameandika: *((Mjomba, uko njiani? Tunakungoja mdomoni mwa shimo.))* Nikamwambia dereva anipe dakika chache, nikakaa juu ya jiwe kando ya barabara nikaanza kuandika jinsi okapi anavyofika.